Kabla Hajapanda Mizani

Wazazi wenzangu, walimu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, nanyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango, itifaki ikizingatiwa, hamjambo. Nawashukuru walioniita kuzungumza katika ukumbi huu wa Eastlands, na nawashukuru ninyi mliofika jioni ya siku ya kazi, mkijua foleni ya magari inayowangoja kurudi nyumbani. Niliombwa nieleze jinsi ya kupunguza uzito. Niliwajibu waandalizi kwamba nitakuja, lakini nitaanza na jambo linalotangulia uzito, ambalo kwa muda mrefu sikulijua, na kutolijua kwangu kuliwaumiza watu.

Nimefanya kazi ya lishe katika kliniki za jiji hili kwa miaka kumi na tisa. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikipima watu vibaya. Mizani ya kliniki niliyofanyia kazi ilikuwa kwenye korido, kando ya benchi ambalo wagonjwa walikalia wakingoja zamu. Mtu alivua viatu, akapanda, nami nikamsomea muuguzi kilo zake kwa sauti ili aziandike kwenye kadi. Tisini na nane. Mia moja na nne. Benchi zima lilisikia. Sikuona ubaya wowote, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba uzito ni namba kama nyingine, kama joto la mwili au mapigo ya moyo, na namba haina lawama.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuja kwa ajili ya presha. Alikuja mara tatu, na kila mara nilimsomea kilo zake kwenye korido na kumwambia apunguze. Mara ya nne hakuja. Ilipita miezi mingi, kisha mdogo wake akamleta akiwa amemshika mkono. Alikuwa ameacha kwenda kwenye chama, ameacha kwenda kanisani, biashara yake amemwachia mtu mwingine, anaamka usiku wa manane na halali tena, na mchana hana nguvu ya kuosha hata kikombe. Kilo zake zilikuwa zimeongezeka. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alinitazama kwa muda, akasema: "Daktari, mimi presha sikuiogopa. Niliogopa ile korido."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na ninalotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba mwili mnene peke yake hautoshi kumwingiza mtu katika sonona. Kinachomsukuma zaidi ni ugomvi wake na mwili huo, ule uchungu wa kuuona mwili wake mwenyewe kuwa kosa analotembea nalo mchana kweupe, na ugomvi huo mara nyingi tunauanzisha sisi tunaompenda na sisi tuliosomea kumtibu.

Nimetumia neno sonona, na huenda baadhi yenu hamlitumii. Hapa Nairobi tunasema fulani ana mawazo, anafikiria sana, siku hizi amenyamaza. Huzuni ya kawaida sote tunaijua. Mtu akifiwa au akifutwa kazi huhuzunika, na hiyo ni haki yake. Sonona ni hali inayokaa karibu siku nzima, siku baada ya siku, kwa wiki mbili au zaidi: moyo unakuwa mzito, raha ya mambo uliyoyapenda inakwisha, usingizi unakatika au unazidi, hamu ya chakula inapotea au inapita kiasi, uchovu hauondoki kwa kupumzika, mtu anajiona si kitu, akili haitulii kwenye jambo moja, na wengine hufikia kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 waliishi na hali hii duniani, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Tazameni kwamba miongoni mwa dalili hizo zimo chakula, usingizi na uchovu, mambo yaleyale ambayo mtu wa lishe huulizwa kila siku. Mgonjwa wa sonona anaweza kukaa mbele yangu mwaka mzima akinieleza habari za sahani yake, nami nikadhani tunazungumza juu ya chakula.

Sasa, tunajuaje kwamba ugomvi na mwili huja kwanza na sonona ikafuata? Kwani yawezekana mtu mwenye sonona huchukia kila kitu chake, pamoja na mwili wake. Ni swali la haki, na namna ya kulijibu ni kuwafuata watu wale wale kwa miaka. Huko Bristol, Uingereza, watafiti wamekuwa wakiwafuata watoto waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 tangu mama zao wakiwa wajawazito. Watoto hao walipofika umri wa miaka 14 waliulizwa jinsi wanavyouona uzito na umbo lao, na walipofika miaka 18 walichunguzwa kama wana sonona. Waliojibu nyakati zote mbili walikuwa zaidi ya 3,700. Karibu msichana mmoja kati ya watatu, na mvulana mmoja kati ya saba, hakuwa ameridhika na uzito wake akiwa na miaka 14, na wale ambao hawakuridhika na miili yao ndio walioelekea zaidi kupata vipindi vya sonona miaka minne baadaye. Huko Minnesota, Marekani, utafiti mwingine uliowafuata vijana kwa miaka mitano ulipata jambo la namna hiyo, kwa wasichana na kwa wavulana pia.

Naomba wazazi mkumbuke umri huo wa miaka 14. Ni mtoto wa sekondari ya chini, ambaye mwili wake unabadilika bila kumwomba ruhusa, na ambaye pengine wiki iliyopita mjomba au shangazi alimwambia mbele ya wageni kwamba amekuwa kama pipa.

Najua kuna mzee hapa anayesema moyoni kwamba hayo ni mambo ya Uingereza na Marekani, kwamba sisi tulilelewa tukiusifu unene. Ni kweli, mzee wangu, na ningependa tukae hapo kidogo kwa sababu ndipo mambo yetu yanapotofautiana na ya wenzetu. Sisi tuliambiana kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Aliyenenepa tulisema amenawiri, na aliyekonda tuliuliza nani anamtesa kwake. Katika jamii za eneo la Kati la Kenya, mama aliyejifungua hupikiwa njahi, aina ya maharagwe meusi, na uji ili damu irudi na maziwa yaje. Kisha ukaja Ukimwi, na miaka ya tisini kukonda kukageuka kuwa tangazo la ugonjwa. Ilipofika mwaka 1999, serikali ilipotangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa, hakuna aliyepungua kilo tano mtaani bila majirani kunong'ona. Wa umri wangu mnawakumbuka waliovaa fulana mbili chini ya shati ili mabega yasionekane. Kwa kizazi chetu, mwili mnene ulikuwa cheti cha uzima.

Binti wa Nairobi wa leo amerithi sheria hiyo, kisha simu yake imemletea sheria nyingine inayoipinga. Akienda ushago Desemba, nyanya yake anamshika mkono na kumwambia kwamba mji unamla, aongeze ugali. Akirudi mjini, picha mia moja kwa siku zinamwambia kwamba kiuno chake ni kipana. Anahukumiwa na mahakama mbili, na hakuna rufaa katika yoyote. Mama aliyejifungua anaonja hali hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi: wale waliomletea njahi na kumhimiza amalize bakuli ndio wanaomuuliza mwezi wa nne baada ya kujifungua tumbo hilo litarudi lini, na swali hilo linamkuta katika majira ambayo mama wengi tayari wako hatarini kupata sonona ya uzazi.

Kuna nchi iliyowahi kuonyesha jinsi sheria ya pili inavyoweza kuingia upesi mahali ambapo ya kwanza ilikuwa imara. Visiwani Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, watu waliusifu mwili ulioshiba kama sisi tulivyousifu. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo wa 1995, kisha akarudi mwaka 1998 na kuwahoji wengine wa umri huo huo. Mara ya kwanza hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apunguze uzito. Baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 11. Waliopata alama za juu kwenye hojaji ya matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 13 hivi hadi asilimia 29. Miaka mitatu tu, na kwa televisheni iliyokuwa sebuleni, ambayo mtu aliweza kuizima na kutoka nje. Watoto wetu wanalala na simu chini ya mto.

Kuhusu simu hizo, kampuni yenyewe inajua. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta na ndiyo inayomiliki Instagram, zilitolewa hadharani na Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wake, na mojawapo ilionyesha kwamba katika wasichana waliokuwa tayari wakijihisi vibaya juu ya miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwafanya wajihisi vibaya zaidi. Siwaambii mchukue simu za watoto na kuzifungia kabatini. Nawaomba mjue kinachoonwa humo, na mkae na mtoto mmweleze kwamba picha ile ina mwanga uliopangwa, kiuno kilichobanwa na programu iliyorekebisha kilichobaki.

Wavulana tunawasahau. Kwao lawama huweza kuja kutoka pande zote mbili: mnene anaitwa bonge, mwembamba anaitwa njiti, na siku hizi asiye na kifua cha jimu anajiona hajakamilika. Mvulana hatasema anauchukia mwili wake. Ataacha kuogelea, atavaa sweta kwenye jua, atakataa kupigwa picha ya darasa, na mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba amekuwa mkaidi.

Niwarudishe sasa kwenye upande wa watu wazima na kwenye hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulipata kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata asilimia 45 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49. Makundi ya umri hayalingani kabisa, lakini mwelekeo unaonekana, na kisukari na presha zinauthibitisha kila Jumatatu kwenye foleni zetu. Kwa hiyo kampeni za kupunguza unene zitaongezeka, na zinafaa kuongezeka. Hofu yangu ni namna zitakavyoendeshwa. Watafiti wenye makao yao hapa Nairobi waliwahi kuwaonyesha wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani michoro ya maumbo mbalimbali ya miili na kuwauliza lipi wanaliona bora, na wakakuta wapo watu wenye unene uliokithiri waliochagua umbo nene. Wataalamu wengi wangeiita hiyo kasoro ya uelewa. Mimi naona pia kinga. Mama wa Korogocho anayeupenda mwili wake mnene ana hatari ya kisukari, ndiyo, lakini hana ugomvi na mwili wake. Tukimwendea na ujumbe wa kisukari kwa mlango wa aibu, tutakuwa tumempa ugonjwa wa pili bila kumwondolea wa kwanza.

Na aibu haipunguzi kilo. Wako wanaoamini kwamba mtu akisemwa vya kutosha ataona haya na kubadilika, na nilikuwa mmoja wao. Huko Marekani watafiti waliwafuata watu wazima zaidi ya 6,000 kwa miaka minne, na kati ya wale ambao hawakuwa na unene uliokithiri mwanzoni, waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya uzito wao walielekea kuufikia unene huo mara mbili na nusu zaidi ya wasiobaguliwa. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Kondakta akimwambia mama mbele ya abiria wote kwamba alipe viti viwili, mama huyo hatashuka akakimbie mbio za asubuhi. Atajifungia ndani. Atakula akiwa peke yake ili asionekane akila. Hatavaa raba akatembee barabarani, kwa sababu vijana wa kijiweni watamkejeli, na hatakuja kliniki, kwa sababu kliniki ina korido. Kujitenga ni mlango mpana wa sonona, nasi tunamsukuma humo huku tukidai tunamsaidia.

Halafu kuna njaa yenyewe, ambayo watu hawaihesabu. Mtu anayeuchukia mwili wake huanza kwa kujinyima, na kujinyima kuna athari zake akilini hata kwa mtu asiye na tatizo lolote. Ancel Keys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alilionyesha hilo kati ya mwaka 1944 na 1945. Alikuwa na vijana 36 wa kiume, wenye afya na waliojitolea, ambao aliwapa chakula cha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, kwa nia ya kujua jinsi ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza wengi ni mioyo yao: wakawa wanyonge, wenye hasira za haraka, waliojitenga, wasiotaka mazungumzo, waliokesha wakiwaza chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Wengine, hata baada ya kuruhusiwa kula, walikula bila kushiba. Sasa fikirieni kwamba ratiba za kupunguza uzito zinazosambazwa kwenye simu hapa mjini huwa za kalori 1,200, chini ya kile walichopewa vijana wale. Binti anajinyima wiki mbili, anakuwa mnyonge, usiku wa kumi na tano anakula kila kilichomo jikoni, asubuhi anajiona dhaifu asiye na nidhamu, anaanza tena. Kila mzunguko unamwachia kilo zilezile na dharau zaidi kwa nafsi yake.

Keys huyo huyo ndiye aliyekipa jina la BMI, mwaka 1972, kile kipimo cha uwiano wa uzito na urefu tunachokitumia kliniki, ambacho hesabu yake ilitungwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika karne ya 19. Quetelet hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota aliyetafuta wastani wa binadamu. Kipimo hicho kinafaa kuhesabu taifa. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako kinakwambia kidogo sana, na hakikwambii lolote kuhusu usiku wake ulivyopita.

Nimezungumza kana kwamba njia ni moja, kutoka mwilini kwenda moyoni. Ni mbili. Mwaka 2010 watafiti waliokusanya tafiti 15 zenye watu zaidi ya 58,000 walipata kwamba watu wenye unene uliokithiri walikuwa na uwezekano wa kupata sonona uliozidi wa wengine kwa asilimia 55, na kwamba wenye sonona walikuwa na uwezekano wa kupata unene uliokithiri uliozidi kwa asilimia 58. Kila moja humvuta mwenzake. Mwenye sonona hatoki nje, hapiki, hununua chipsi, halali, na asiyelala huwa na njaa zaidi. Dawa nazo zimo. Amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu na hutolewa sana katika hospitali zetu, huweza kuongeza uzito, na baadhi ya dawa za magonjwa mazito ya akili huongeza zaidi. Mgonjwa asipoelezwa mapema, ataona sketi haifungi, ataacha dawa kimyakimya, na familia itasema amerudiwa na ugonjwa. Hali ni hiyo kwa wanawake wanaochomwa sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, ambayo huwaongezea baadhi yao uzito. Wauguzi mlio hapa, nawasihi: lisemeni jambo hilo kabla ya sindano au kidonge cha kwanza, na mseme kwamba zipo njia nyingine za kujaribu iwapo uzito utapanda. Mtu anayejua hilo hurudi kuuliza.

Nitapita haraka kwenye chai na vidonge vya kuondoa tumbo vinavyouzwa kwenye vibanda vya mjini na kwenye simu. Chai nyingi za aina hiyo hutiwa sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inatoa maji na choo, mafuta yanabaki. Baadhi ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa. Anayeuza vitu hivi anahitaji kwanza mteja anayejichukia, na mteja huyo tunamtengeneza sisi kwa maneno yetu.

Mnaniuliza, basi tunyamaze? Mwanangu akinenepa kupita kiasi, nisiseme? Sema juu ya chakula cha nyumba nzima, na ukibadilishe kwa nyumba nzima. Soda ikiondoka mezani, iondoke kwa wote, hata kwa baba na kwa mtoto mwembamba. Mkitembea, tembeeni pamoja. Usimwekee mtoto mmoja sahani yake ya adhabu mbele ya ndugu zake. Majina ya utani ya mwili yakome nyumbani, hata yale ya mapenzi, kwa sababu mtoto anayeitwa Kibonge na mama yake kwa upendo ataitwa hivyo hivyo shuleni bila upendo. Na ewe mama, unapojitazama kwenye kioo na kulaani mapaja yako, jua kwamba binti yako amesimama mlangoni, na mapaja yake yamefanana na yako.

Walimu, mtoto anayekwepa michezo kila wiki muulizeni kando, wala msimfokee uwanjani. Muulizeni kuhusu usingizi, kuhusu marafiki, kuhusu sare kama inamtosha. Sare inayobana ni jambo dogo kwa shule, na kwa mtoto wa miaka 14 ni mateso ya saa tisa kwa siku.

Na yeyote kati yenu ambaye, nikitaja dalili zile za wiki mbili, alijiona mwenyewe: usingoje upungue kwanza ndipo utafute msaada. Sonona hutibiwa, kwa mazungumzo na mshauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na hutibiwa mwili ukiwa vile ulivyo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uliza kama wana mshauri nasaha. Hospitali ya Mathari ipo pale pale Barabara ya Thika, na haiko kwa ajili ya wale tu tuliozoea kuwaita wendawazimu. Ukishindwa kutoka nyumbani, namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo. Kama fikira za kutaka kufa zimekujia, zitaje kwa sauti. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na wengi walificha uchungu wao kwa kuogopa polisi. Mwezi Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Unaweza kumwambia muuguzi ukweli wako.

Wenzangu wa kliniki, kwetu tulifanya mabadiliko machache na hayakugharimu fedha. Mizani tuliitoa kwenye korido tukaiingiza chumbani, mlango ukafungwa. Kilo hatuzisomi kwa sauti. Aliyepima ndiye anayeandika. Kabla ya mizani tunauliza maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umehisi huzuni au kukata tamaa? Hayachukui dakika moja, na yamenifunulia mengi kuliko mizani. Akijibu kwamba ni karibu kila siku, mazungumzo ya lishe yanasubiri, tunamtembeza hadi kwa mshauri nasaha, hatumwandikii karatasi tu.

Kisha tunamwuliza kama angependa kupimwa uzito leo. Wengi husema ndiyo. Wachache husema hapana, nami ninaandika kwenye kadi kwamba hajapimwa, tunaendelea na presha na dawa. Yule mama aliyeiogopa korido alirudi kwetu baada ya kuanza matibabu ya sonona. Alisema hapana katika ziara tano mfululizo. Alikuja zote tano.

Asanteni kwa kunisikiliza.